Programu za kuendesha biashara: ipi inafuta na ipi haifuti



Vijana wetu wenye maduka na makampuni hapa Ghuba wameniuliza mara nyingi, tununue programu gani ya kuendeshea biashara? Huniuliza mimi kwa sababu nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka mingi, wala si kwa ujuzi wa kompyuta, maana kompyuta nilianza kuigusa nikiwa na mvi. Lakini mwaka juzi nilikaa meza moja na wapwa zangu wakati mawakala wa programu walipokuja mmoja baada ya mwingine kuonyesha bidhaa zao, na kila walilosema niliandika kwenye daftari. Mengi ya yaliyomo humu yametoka katika daftari hilo, na mengine nimeyasoma baadaye.

Programu zenyewe huitwa kwa kifupi ERP. Jina hilo lilitolewa mwaka 1990 na kampuni ya utafiti ya Gartner ya Marekani, ingawa kitu chenyewe kilikuwapo kabla ya jina. Aliyewahi kufanya kazi ofisini enzi zetu ataelewa haraka. Ofisi ilikuwa na daftari la mauzo, leja ya wadaiwa, leja ya wadai, daftari la fedha na kadi za stoo. Mteja akichukua betri nne kwa mkopo, karani wa kwanza aliandika ankara, wa pili akaandika deni kwenye leja, na mtu wa stoo akapunguza nne kwenye kadi yake. Mwisho wa mwezi tuliketi kutafuta kwa nini hesabu za watu watatu hazilingani. ERP ni madaftari hayo yote yaliyofungwa pamoja. Ankara inaandikwa mara moja tu; stoki inapungua, deni la mteja linapanda, kodi inahesabiwa na urari unabadilika saa ile ile. Makampuni makubwa huongeza humo mishahara, viwanda, magari na mikataba.

Hapo ndipo ERP inapotofautiana na programu ya hesabu tupu. QuickBooks, kwa mfano, ni programu nzuri ya hesabu, na duka dogo linaweza kuishi nayo miaka mingi. Ukiwa na maghala mawili, bidhaa elfu tatu, kontena njiani na wauzaji wanaotembea na simu zao, utaanza kuona inakubana.

Thumni ya kitu gani?

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa kwenye meza ile. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la vipuri vya magari Wadi Kabir, Maskati. Aliliendesha kwa daftari kwa zaidi ya miaka ishirini, na vijana wake walipokua wakamshawishi wanunue programu. Ilikuwa rahisi kutumia, na wote walitumia neno moja la siri, kwa kuwa walikuwa ndugu. Jina la programu hiyo silitaji.

Shemeji alipofariki aliacha mjane, ambaye ni dada yangu, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Sheria ya mirathi haikuwa na utata: mjane ana thumni, na kinachobaki watoto wanagawana, mwanamume fungu la wanawake wawili. Utata ulikuwa katika mali yenyewe. Sehemu kubwa ya mali ya duka la vipuri ni madeni ya magereji. Tulipoanza kuyakusanya, kompyuta ilisema mwenye gereji mmoja anadaiwa rial 1,150. Yule bwana akaja na risiti yenye mhuri wa duka, akasema alilipa mwezi wa Ramadhani, mkononi. Tukaitafuta namba ya risiti ile ndani ya kompyuta. Ilikuwapo, lakini kwa jina la mteja mwingine, na kwa rial 150.

Mtu alikuwa ameifungua risiti na kuibadilisha. Nani? Siku gani? Programu haikuwa na kumbukumbu yoyote. Aliyeingia alikuwa yule yule mmoja, yaani neno la siri la wote. Wapwa zangu wawili wakatazamana, na tangu siku ile hawakukaa sinia moja kwa muda wa miezi saba. Dada aliniita akaniambia, "Kaka, mimi hiyo thumni siitaki. Nirudishie wanangu." Deni lile tulilisamehe, na mpaka leo hatujui mkono uliobadilisha ni wa nani. Huenda ilikuwa makosa ya kijana wa kaunta aliyekwisha kurudi kwao. Huenda haikuwa hivyo.

Katika skuli ya misheni niliyosoma, Padri aliyetufundisha uwekaji hesabu hakuruhusu kifutio darasani kwake. Ukikosea tarakimu unapiga mstari mmoja wa wino mwekundu, mwembamba, ili iliyokosewa iendelee kusomeka, unaandika ya sawa juu yake, kisha unaweka herufi za jina lako pembeni. Aliyekwangua karatasi kwa wembe alipigwa rula. Tulidhani ni ukali wa wazee. Nilipokuwa nimeishika risiti ya yule mwenye gereji ndipo nilipomwelewa.

Kwa hiyo kila wakala aliyekuja nilimuuliza swali moja kabla ya mengine: mtu akitaka kufuta au kubadilisha ankara ya mwezi uliopita, programu yako itafanya nini? Mmoja alicheka akasema, "Mzee, usiwe na wasiwasi, hii ni rahisi sana, unabonyeza hapa tu inaondoka." Nikamshukuru, tukanywa naye kahawa, na jina lake nikalipigia mstari mwekundu.

Programu zenyewe

SAP ni ya Wajerumani. Ilianzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, na toleo lake la sasa la makampuni makubwa, S/4HANA, lilitoka mwaka 2015. Watoto wetu wanaofanya kazi katika mafuta, bandari na benki wanaijua. Hati ikishaingia leja humo haifutiki. Unaandika hati nyingine ya kuigeuza, na zote mbili zinabaki. Padri angefurahi. Lakini kwa duka lenye watu kumi na wawili, S/4HANA ni kununua meli ili uvuke khori. Kwa makampuni madogo na ya kati wanayo nyingine, Business One, inayouzwa kupitia mawakala, nayo ina nidhamu ile ile ya kutofuta. Wale ambao kampuni zao bado ziko kwenye SAP ya zamani, ile inayoitwa ECC, wajue kuwa huduma yake ya kawaida inakoma mwisho wa 2027, kwa hiyo mameneja wao wako katika hekaheka.

Oracle ya Marekani ilianza 1977 kwa hifadhidata, ikaingia katika hesabu, na mwaka 2016 ikainunua NetSuite kwa dola bilioni 9.3 hivi. NetSuite ndiyo inayotufaa kuitazama sisi, maana ilitengenezwa tangu mwanzo kutumika kwa mtandao tu. Hununui seva, unalipa kwa mkataba wa mwaka. Humo mtu mwenye ruhusa anaweza kurekebisha hati maadamu mwezi haujafungwa, ila chini ya hati kuna maandishi ya nani alibadilisha nini, kutoka kiasi gani kwenda kiasi gani, na saa ngapi. Kwangu mimi hilo latosha, kwa sharti kwamba miezi ifungwe kweli. Ni nzuri kwa kundi la makampuni lenye matawi Dubai, Maskati na Nairobi linalotaka mizania moja. Gharama yake si ya duka moja.

Microsoft ina Business Central. Asili yake ni Navision, programu ya Wadenmaki iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2002, na jina hili la sasa lilikuja 2018. Hii ndiyo iliyonivutia mimi. Ingizo likishapita leja haliondoki. Ankara iliyokosewa inasahihishwa kwa krediti noti, na krediti noti ile inakaa kando yake kama ule wino mwekundu. Makarani waliozoea Excel wanaipokea bila shida kubwa. Kasoro yake ni malipo ya kila mwezi kwa kila mtumiaji, ambayo hayaishi maisha yako yote, tena ukiitaka iongee lugha ya biashara yako utamlipa wakala zaidi. Na mwenye programu anaweza kuamua kuistaafisha: Dynamics GP, nduguye Business Central, imekwisha kutangaziwa kwamba huduma yake itakoma mwisho wa 2029.

Odoo inatoka Ubelgiji. Fabien Pinckaers aliianza mwaka 2005 kwa jina la TinyERP. Ina sura mbili: moja huria, isiyo na malipo ya leseni, na nyingine ya kulipia. Vijana wengi huambiwa "Odoo ni bure" bila kuelezwa kwamba ile ya bure ina ankara lakini haina sehemu kamili ya uhasibu na ripoti zake. Inapendeza machoni, inafanya kazi kwenye simu, na unaweza kuanza na mauzo na stoki tu kisha ukaongeza mengine. Upande wa kufuta, hapa lazima mtu awe macho. Ankara iliyokwisha kupita inaweza kurudishwa kuwa rasimu na kubadilishwa, ingawa pembeni hubaki maelezo ya aliyefanya. Zipo kufuli mbili za kuzuia. Ya kwanza ni tarehe ya kufunga hesabu, ambayo kabla yake hakuna kinachoguswa. Ya pili unaiwasha kwenye daftari husika, na kila ingizo linafungwa kwa alama ya siri inayoliunganisha na lililotangulia, hata anayelibadilisha moja anavunja mnyororo wote. Mwambie wakala aziwashe zote mbili mbele ya macho yako. Jambo jingine ni kwamba toleo jipya hutoka kila mwaka na wao huhudumia matoleo matatu ya karibuni, kwa hiyo ukijishonea mambo mengi ya pekee, kila baada ya miaka michache utalipa fundi ayashone upya.

ERPNext ni ya Wahindi wa Mumbai, kampuni ya Frappe, nayo ni huria kabisa. Hakuna leseni, unalipia seva na mtu wa kuisimamia. Utaratibu wake wa hati naupenda. Ukishaiwasilisha haibadiliki. Ukikosea unaibatilisha, unatoa ya marekebisho, nayo inachukua namba ile ile yenye mkia wa 1, na ile iliyobatilishwa inabaki na rangi yake nyekundu. Tahadhari ni moja: mwenye ruhusa ya kufuta anaweza kuifuta hati iliyokwisha kubatilishwa. Basi ruhusa hiyo asipewe mtu, hata mwenye duka. Tatizo la pili ni kwamba mafundi wake hapa Ghuba si wengi kama wa Odoo, na anayekuhudumia leo akihamia Canada unabaki peke yako.

Na sasa Tally, ambayo sihitaji kuitambulisha. Ilizaliwa India mwaka 1986, na makao yake ni Bengaluru. Ukienda Ruwi au Deira, mhasibu wa Kihindi anaijua kama mfuko wa shati lake. Ni ya haraka, haihitaji intaneti, unaweza kununua leseni ya daima, ya kompyuta moja au ya ofisi nzima, kisha ukalipa kidogo kidogo kwa mwaka ili upate matoleo mapya. Upungufu wake wa zamani ulikuwa katika swali langu lile lile: vocha ya zamani iliweza kufunguliwa, kubadilishwa na hata kufutwa kwa urahisi na mwenye ruhusa. Mwaka 2022 walitoa TallyPrime yenye kumbukumbu ya mabadiliko, na katika toleo hilo maalumu kumbukumbu haiwezi kuzimwa. Katika toleo la kawaida ni hiari yako kuiwasha. Kwa hiyo ukiambiwa "tunayo Tally", uliza ni ipi.

Zoho Books, nayo ya kutoka India, ina matoleo yaliyotengenezwa kwa kodi za Imarati, Saudia, Omani na Bahrain. Ni programu ya hesabu zaidi kuliko ERP. Kwa mama mwenye duka la mabuibui au kijana mwenye gari tatu za kukodisha, ningemshauri aanzie hapo au QuickBooks, asidanganywe na mtu kwenda mbali zaidi. Zote mbili zinaandika nani alifanya nini.

Mambo ya hapa Ghuba

Sifa zote hizo hazina maana kama programu haijui nchi uliyomo. VAT ilianza Imarati na Saudia tarehe 1 Januari 2018 kwa asilimia 5; Saudia wakaipandisha kuwa 15 mwezi Julai 2020. Bahrain walianza 2019 kwa 5, na tangu 2022 ni 10. Omani tulianza tarehe 16 Aprili 2021 kwa 5, na mwenye mauzo yanayofika rial 38,500 kwa mwaka analazimika kujiandikisha. Mwenye tawi katika nchi mbili atahitaji mfumo unaoweka kila nchi na kiwango chake na ripoti yake.

Saudia wamekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 4 Desemba 2021 ankara za kuandika kwa mkono zimekatazwa kwa waliosajiliwa kodi, na tangu Januari 2023 wafanyabiashara wanaunganishwa kwa mafungu na mtambo wa mamlaka ya kodi, ili kila ankara ipite huko. Ankara yenyewe lazima iwe kwa Kiarabu. Hapa swali la kufuta limekwisha kujibiwa na serikali: programu zinazoruhusu ankara kufutwa hazikubaliwi. Imarati nao wametangaza mpango wao wa ankara za kielektroniki. Kwa hiyo hata kama leo huhitaji, usinunue kitu kisichoweza kuunganishwa kesho.

Kuna jambo dogo linalowashinda mawakala wengi, nalo ni baisa. Programu nyingi zimetengenezwa na watu wenye senti mia, tarakimu mbili baada ya nukta. Rial yetu ina baisa 1,000, sawa na dinari za Kuwait na Bahrain zenye fils 1,000, kwa hiyo tunahitaji tarakimu tatu. Nilimpa kila wakala mtihani huu: mteja ananunua vitu vitatu tofauti, kila kimoja baisa 335. Jumla ni rial 1.005. Kodi ya asilimia 5 juu ya jumla ni 0.05025, yaani baisa 50. Lakini ukihesabu mstari kwa mstari, kila kitu kinabeba baisa 16.75, ambazo hugeuka 17, na jumla inakuwa 51. Baisa moja imezaliwa kutoka hewani. Kwa ankara mia nne kwa siku, itakubidi uieleze hiyo baisa kwa mkaguzi. Njia zote mbili zinatumika duniani, na programu nzuri hukuachia kuchagua, kama Odoo inavyofanya. Mawakala wawili hawakujua programu yao inatumia ipi. Mmoja aliniuliza baisa ni nini.

Mishahara nayo: Imarati wana mfumo wa kulinda mishahara tangu 2009, ambapo malipo lazima yapite benki kwa faili la mpangilio maalumu, na Omani tunao wa namna hiyo. Uliza kama programu inatoa faili hilo yenyewe, la sivyo karani wako ataliandika upya kila mwezi kwa mkono, na hapo umerudi kwenye madaftari matatu.

Wenye duka la pili Dar es Salaam au Mombasa wana kazi zaidi. Bara Tanzania mashine za EFD zipo tangu 2010, na Kenya kuna eTIMS. Kila risiti lazima ipite huko. Usikubali ahadi ya wakala wa Maskati kwamba "itaunganishwa tu". Akuonyeshe mteja mwingine aliyemuunganishia, na umpigie simu mteja huyo.

Hata wakubwa huanguka

Msidhani hasara hizi ni za wadogo. Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani, waliacha mradi wao wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na kiasi cha yuro milioni 500. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wao wamezoea kuthamini stoki kwa bei ya kununulia, na programu ilipangwa kwa bei ya kuuzia. Badala ya kubadili mazoea, walitaka kubadili programu. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, ambako wengi wetu tuna jamaa, ilihamia Oracle mwaka 2022. Makisio ya mwanzo yalikuwa pauni milioni 19 hivi, na gharama ikapita milioni 100. Waliushona upya upande wa kulinganisha hesabu za benki ili ufanane na desturi yao ya zamani, ukagoma, wakawa hawajui ni malipo yapi ya nani. Mwaka 2023 halmashauri ilitangaza kuwa haiwezi kuingia matumizi mapya. Kubwa lililowafikisha pale lilikuwa madai ya mishahara sawa ya wanawake, lakini mfumo ule ulikuwa mzigo juu ya mzigo.

Kila karani anajua kwamba kulinganisha hesabu za benki ni kazi ya kwanza ya mwezi. Wakala akija, msimwache aonyeshe chati za rangi. Mpeni taarifa yenu halisi ya benki ya mwezi mmoja, aingize, alinganishe mbele yenu. Kazi hiyo ikimshinda kwa saa mbili, itakushinda wewe kwa miaka.

Nimegundua pia kwamba mtu anayekusimikia programu ana uzito kuliko jina la programu. Kampuni iliyoitengeneza iko mbali na haikujui. Aliyekuja na kompyuta yake ya mkononi ndiye atakayeamua akaunti zako zipangwe vipi, nani apewe ruhusa gani, na kufuli zipi ziwashwe. Wapwa zangu walitembelea wateja watatu wa kila wakala bila wakala kuwapo. Huko eneo la viwanda la Ghala (jina ambalo Mswahili analicheka mara ya kwanza, maana maghala ndiyo yaliyojaa pale) mzee mmoja muuza vigae alituambia ametumia miezi kumi na minne kuhamisha hesabu ambazo aliahidiwa miezi mitatu. Wakala wake tulikuwa tumempenda sana.

Kwenye mkataba tuliandika mambo mawili ambayo wakala hakuyapenda. La kwanza, taarifa zetu zote, wateja, bidhaa, leja na ankara, ziweze kutolewa wakati wowote katika faili la kawaida ambalo Excel inalisoma, bila malipo. La pili, neno la siri la msimamizi mkuu likae kwetu, wakala akilihitaji apewe lake la muda. Usipokuwa na hayo mawili, wewe ni mpangaji katika nyumba uliyojenga.

Uamuzi wao

Mimi nilipendekeza Business Central. Mpwa wangu mdogo akanionyesha hesabu ya malipo ya mwezi kwa watumiaji tisa akaniuliza, "Mjomba, tukiwa na mwezi mbaya tutailipa na nini?" Sikuwa na jibu. Wakachukua Odoo ya kulipia, kwa masharti matatu niliyoyadai: kila mtu na neno lake la siri, hata kaka mtu, kufuli zote mbili ziwashwe, na hesabu za mwezi zifungwe tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na funguo ya kufuli ikae kwa binti mkubwa, ambaye ni mwalimu Sohar na hauzi kitu dukani. Hilo la mwisho lilileta maneno. Wavulana waliona kama wanashtakiwa. Dada ndiye aliyelimaliza, akasema, "Marehemu angempa yeye."

Kabla ya kuanza walifunga duka kuanzia Alhamisi usiku hadi Jumamosi wakahesabu stoo yote kwa mkono, kipande kwa kipande, watu wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Nawasihi msiruke hatua hii. Wengi huhamisha tarakimu za kompyuta ya zamani kwenda mpya, na uongo wa zamani unapata nguo mpya. Walikuta vipuri vya magari ambayo hayaonekani tena barabarani, na pedi za breki 212 ambazo hazikuwa katika hesabu yoyote. Anzeni pia mwanzo wa robo ya kodi, msianze katikati, ili ripoti moja ya VAT isitoke katika programu mbili. Urari wa siku ya mwisho wa mfumo wa zamani uchapishwe, wahusika wote watie saini, na mizania ya kuanzia kwenye mfumo mpya ilingane nao mpaka baisa.

Kompyuta ya zamani msiiuze wala kuisafisha. Sheria ya VAT ya Omani inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 10. Ile ya duka la shemeji iko nyumbani kwa dada, chini ya meza ya cherehani, imefunikwa kitambaa, pamoja na sanduku la risiti zake, na ile ya rial 1,150 imo.